Mhudumu wa Mapokezi Asigeuzwe Bima ya Hoteli

Barua pepe yenyewe huja na heshima zote. Mgeni anasema alilala hotelini wiki iliyopita na anadhani kaisahau pasipoti ya mwanawe chumbani. Picha yake hii hapa, tafadhali itazameni. Au anasema anakuja na mama yake mgonjwa, na orodha ya vyakula asivyoweza kula ameiambatanisha. Mhudumu wa mapokezi anafungua, kwa sababu kuwasikiliza wageni ndiyo kazi aliyoajiriwa. Ndani ya kile kiambatanisho mna programu ya wizi. Haizimi kompyuta wala haionyeshi dalili yoyote. Inakusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa humo na kuyapeleka kwa watu wasiojulikana waliko. Baada ya siku mbili tatu, wageni waliokwishaweka vyumba wanapata ujumbe kutoka kwenye ukurasa halisi wa hoteli: kadi yenu imekataa, lipeni tena hapa leo, la sivyo chumba kinafutwa. Wanalipa. Wanafika Nungwi, hapa Zanzibar, na mabegi yao, wanaambiwa hakuna pesa iliyoingia.

Wataalamu wa usalama wa mitandao wanaueleza mtindo huu tangu 2023. Machi 2025 Microsoft ilitoa tahadhari juu ya sura yake mpya: barua zinazojifanya zimetoka Booking.com, zinazomtaka mfanyakazi abonyeze vitufe fulani eti kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu, kumbe kwa vitufe hivyo anawafungulia mlango wezi. Wanaowindwa hasa ni watu wa hoteli, na visiwa vyetu vinaishi kwa hoteli. Mwaka 2023 walikuja wageni 638,498 kutoka nje. Mwaka uliofuata wakawa 736,755. Kila mgeni anayeweka chumba kwa mtandao anaacha jina lake, simu yake na mara nyingi habari za kadi yake mikononi mwa kijana aliyekaa mapokezi Paje, Kiwengwa au Matemwe.

Wezi wana watu wao wa kuwashughulikia. Kinachonishughulisha mimi ni kinachotokea ndani ya hoteli baada ya wizi kujulikana, pale linapoulizwa swali moja tu: nani alikuwa zamu? Jina likipatikana, mambo mengine huenda mbio. Mshahara unakatwa, au barua ya kuachishwa kazi inachapwa, au vyote viwili. Naliona swali hilo kuwa si sahihi. Kabla ya kuuliza nani alibonyeza, sheria ya kazi inapaswa kuuliza hatari hii ni ya nani. Jibu langu ni kwamba hatari ya mtandao ni sehemu ya hatari za biashara, sawa na moto au msimu mbaya. Ni ya mwenye biashara mpaka atakapothibitisha kosa la mtu fulani, kwa ushahidi ambao mtu huyo naye ameuona na kupata nafasi ya kuujibu.

Tuangalie mapokezi penyewe palivyo. Hoteli ndogo ina kompyuta moja na akaunti moja ya kuingilia kwenye mfumo wa vyumba. Zamu ni tatu. Neno la siri limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni mwa skrini, maana wa zamu ya usiku hawezi kumwamsha meneja saa tisa kila mfumo unapomtoa. Mwanafunzi wa mazoezi kutoka chuo cha utalii cha Maruhubi analijua. Fundi aliyekuja kutengeneza printa kalisoma. Waliopumzishwa masika, hoteli zilipofungwa na wengine wasiitwe tena, wameondoka nalo kichwani, na zaidi ya mmoja bado ameingia na akaunti ile ile kwenye simu yake, kwa sababu wakati wa kazi aliambiwa ajibu wageni hata akiwa nyumbani. Sasa hasara itokee. Mfumo unasema akaunti ya mapokezi ndiyo iliyofungua kile kiambatanisho saa nne na dakika kumi usiku. Saa hiyo zamu ilikuwa ya binti fulani. Kwisha.

Hapajathibitishwa kitu hapo. Kilichojulikana ni kwamba mtu mmoja, kati ya kumi au kumi na tano wenye neno lile la siri, alikuwa ndani ya mfumo, na kwamba binti yule alikuwa karibu na kompyuta. Aliyepanga watu kumi na tano watumie ufunguo mmoja ni mwajiri, kwa kuwa kulipia akaunti ya kila mtu ni gharama na kuzisimamia ni usumbufu. Gharama hiyo ameiokoa yeye kila mwezi. Haiwi haki ujinga uliotokana na uamuzi wake, wa kutojua nani alifanya nini, uje kulipwa na anayepokea mshahara mdogo kuliko wote pale mbele.

Uingereza wamekwishapita njia hii, na waliumia vibaya. Kuanzia 1999 Posta ya huko iliwapa mawakala wake mfumo wa mahesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha pesa zimepungua mahali ambapo hazikupungua. Mkataba uliwabebesha mawakala upungufu, hivyo wengi wakalipa kwa akiba zao, na wengine wakauza nyumba. Walipopiga simu kulalamika, kuna walioambiwa kwamba hakuna mwengine mwenye tatizo kama lao. Hadi 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, na sheria ya ushahidi ya huko ilikuwa ikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka aonekane wa kuonyesha vyenginevyo. Ni Desemba 2019 ndipo Mahkama Kuu ilipotamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za wakala kutoka mbali. Mwaka 2024 Bunge lililazimika kutunga sheria ya kufuta hatia zile kwa jumla.

Wale hawakuwa wafanyakazi wa kuajiriwa, walikuwa mawakala wa mkataba, na Horizon haikuingiliwa na matapeli wa nje. Tofauti hizo nazikubali. Lakini mifupa ya kesi ni hii hii yetu: mkataba unaomwambia mtu wa chini kwamba hasara yoyote ni yake, rekodi za kompyuta zilizo mikononi mwa upande mmoja, na mahkama inayoamini mashine kabla ya mtu. Kwa Posta ya Uingereza palikuwa na mawakala mamia waliokuja kukutana na kugundua kwamba hadithi yao ni moja. Binti wa mapokezi Bwejuu yuko peke yake.

Kesi inayomhusu zaidi ni ya Scotland. Karani wa hesabu wa kampuni moja ya uchapishaji ya Glasgow alipokea barua pepe zilizoonekana zimetoka kwa bosi wake, zikimwagiza alipe haraka. Akalipa zaidi ya pauni 193,000 kwa matapeli. Benki ikarejesha sehemu, na kampuni, baada ya kumfukuza kazi, ikamshitaki yeye binafsi kwa zilizobaki, karibu pauni 108,000. Mwaka 2019 mahkama ya Edinburgh ilikataa dai hilo. Mtu aliyeamini anatekeleza agizo la mkubwa wake hakubebeshwa deni la wizi wa watu wengine.

Hapa kwetu ajira si jambo la Muungano. Tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya mwaka huo huo, na zile za Bara hazivuki maji kuja huku. Bado zina la kutufunza. Sheria ya Ajira ya Bara ya 2004 imeyawekea ngazi makato ya kufidia hasara. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri amwandikie sababu ya deni, kiasi chake na namna kilivyopatikana. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha kulipinga. Jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Ngazi hizo zilichongwa kwa ajili ya sahani zilizovunjika na gari zilizogongwa, lakini zipitishe kwenye wizi wa mtandao uone zinavyoshika. Hasara halisi ni ipi? Je, ni pesa alizopoteza mgeni kwa tapeli, ambazo benki yake huenda ikamrejeshea? Ni chumba ambacho hoteli iliamua kumpa bure ili asiandike vibaya? Ni nyota zilizopungua kwenye tovuti? Mwajiri akilazimishwa kuandika hesabu hiyo kwenye karatasi, nusu ya makato tunayoyasikia yangekufa kabla mezani hakujafikiwa.

Sheria yetu ya 2005 ilitungwa kabla ya WhatsApp, iliyozaliwa 2009, na kabla ya simu ya kioo kuwa chombo cha kazi. Ilizungumza na ulimwengu wa daftari la mahudhurio na bahasha ya mshahara. Hilo si lawama kwa walioitunga. Msingi wake bado ni mzuri: mwajiri anatakiwa awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na afuate utaratibu, na mgogoro una mahali pa kupelekwa, kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi na baadaye Mahkama ya Kazi. Kinachokosekana ni kuuambia msingi huo unahusu nini pale ushahidi wote unapokuwa ndani ya kompyuta ya mlalamikiwa.

Kuna kitisho kingine ambacho wafanyakazi wanakijua kwa jina: "sheria ya mitandao". Meneja akishakasirika, hutaja polisi na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kweli inatumika pande zote mbili za Muungano na kweli ni kali. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki kuna faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote pamoja. Ila kosa hilo linahitaji kusudi. Aliyedanganywa akabonyeza hakuingia popote kwa hila, kaingiliwa. Na sheria hiyo haina upande mmoja. Mfanyakazi aliyefungua WhatsApp yake kwenye kompyuta ya mapokezi na kusahau kuifunga hajampa bosi ruhusa ya kusoma mazungumzo yake na mumewe, kuyapiga picha na kuyaleta kwenye kikao cha nidhamu. Kwa usomaji wangu, meneja anayefanya hivyo ndiye anayekisogelea kifungu kile anachokitishia.

Mambo haya yamekuwa mazito zaidi kwa sababu ya simu. Hoteli nyingi haziwapi wafanyakazi simu ya kazi. Hutumia zao, kwa bando lao, na makundi ya WhatsApp ambamo picha za pasipoti za wageni zinapita pamoja na salamu za Ijumaa. Simu ikiibiwa kwenye daladala, pasipoti za watu zimeibiwa nayo. Anayetaka kuwalinda wageni wake anunue simu ya mapokezi. Sioni mjadala hapo.

Kwenye alama za vidole na kamera ndiko sheria ilikochanika. Mashine ya kidole imechukua nafasi ya daftari la kusaini katika hoteli, maduka na ofisi nyingi. Neno la siri likiibiwa unalibadilisha, kidole hukibadilishi. Aliyekwenda kufunga mashine ile ni fundi wa mjini, na data inaweza kuwa ndani ya kisanduku ukutani au kwenye seva ya nchi nyengine ambayo mwajiri mwenyewe haijui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibaiolojia za namna hii katika kundi nyeti. Lakini sheria hiyo yenyewe inasema kwamba kwa Zanzibar haitumiki katika mambo yasiyo ya Muungano. Posta na simu ni za Muungano, ajira si ya Muungano. Je, kidole cha mpishi wa Kendwa, kinachochukuliwa kwa ajili ya mahudhurio na kusafirishwa kwa intaneti, kiko upande gani? Wakili mzuri anaweza kutetea upande wowote kati ya hiyo miwili, na hapo ndipo mfanyakazi anapopotelea. Hawezi kungoja mawakili wakubaliane. Ulinzi wake wa uhakika unatakiwa utoke Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi lenye mamlaka kamili juu ya ajira za Zanzibar.

Baraza halitaanza na karatasi tupu. Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda faragha ya mtu, na hakuna mahali kinaposema mtu aiache getini anapoingia kazini. Tangu 1997 Shirika la Kazi Duniani lina mwongozo wake juu ya taarifa za wafanyakazi, unaotaka zikusanywe kwa sababu zinazohusu kazi moja kwa moja tu. Na Mahkama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania, Septemba 2017, ilitoa maswali ambayo hata hakimu wetu anaweza kuyaazima: mfanyakazi alijulishwa kabla kwamba atachunguzwa? Uchunguzi ulikwenda mbali kiasi gani? Palikuwa na sababu ya maana? Hapakuwa na njia nyepesi zaidi? Bărbulescu, aliyekuwa mhandisi, alifukuzwa kazi kwa mazungumzo ya mtandaoni, mengine na ndugu yake na mchumba wake, na mahkama ikaona haki yake ya maisha binafsi haikulindwa.

Mwenye hoteli naye ana la kusema, na lina uzito. Anajua kwamba baadhi ya wizi unatoka ndani: mfanyakazi anayefuta malipo ya taslimu kwenye mfumo, au anayempa rafiki yake orodha ya wageni. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani hana idara ya sheria wala mtaalamu wa kompyuta. Hasara ya dola elfu mbili inaweza kumfungia msimu. Mahkama ile ile ya Ulaya, Oktoba 2019, katika kesi ya López Ribalda dhidi ya Hispania, ilikubali kamera za siri juu ya makeshia wa duka kubwa, kwa kuwa palikuwa na shaka ya msingi ya hasara kubwa na kamera ziliwekwa kwa siku chache tu. Sina tatizo na hukumu hiyo. Mwajiri aliyejiandaa, akampa kila mtu akaunti yake, akawafundisha watu wake kuitambua barua ya kitapeli na akawa na kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili, akimkamata mwizi wa ndani atakuwa na kesi ya kusimama. Asiyejiandaa hatakuwa nayo, na hapo ajitazame mwenyewe.

Na kujiandaa si bei ya mbinguni. Uthibitisho wa hatua mbili, ambapo neno la siri peke yake halitoshi mpaka iingizwe namba iliyokuja kwenye simu ya hoteli, ni bure kwenye tovuti kubwa za kuuzia vyumba. Akaunti ya kila mtu zinairuhusu pia. Kinachotakiwa ni saa moja ya meneja na uamuzi wa kuifuta akaunti ya mtu siku anayoondoka. Ndiyo maana naona aibu kwa hoteli inayouza chumba kwa dola mia tatu usiku mmoja kumkata mhudumu mshahara kwa uzembe ambao saa moja ingeuzuia.

Waziri anayehusika na kazi anaweza kuanza kwa kanuni, bila kungoja sheria nzima iandikwe upya. Kanuni ziseme kwamba rekodi ya akaunti inayotumiwa na watu wengi haiwezi peke yake kuwa ushahidi wa kosa la mtu mmoja. Ziseme hakuna makato kwa hasara ya utapeli wa mtandao ikiwa mwajiri hakumfundisha mfanyakazi na hawezi kuonyesha lini na nini. Ziseme mwajiri anayetegemea rekodi za mfumo au picha za kamera azikabidhi kwa mfanyakazi au chama chake kabla ya kikao, zote, pamoja na zile zisizompendeza. Wakaguzi wa Kamisheni ya Kazi, wanapoingia hotelini kukagua mikataba, waongeze swali moja mapokezi: watu wangapi wanaingia kwa akaunti hii? Na ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na ZANEMA, jumuiya ya waajiri, wanaokutana kwa mambo ya mishahara, waviweke vifungu hivi kwenye mikataba ya hiari hata kanuni zikichelewa.

Kwa aliyekwishapewa barua leo, kuna jambo lisiloweza kungoja kanuni. Rekodi hizi hufutika. Mashine nyingi za kamera hujiandika upya baada ya wiki chache, na mifumo ya vyumba nayo haihifadhi historia ya walioingia milele. Aandike barua kwa mwajiri, kwa tarehe na nakala, akitaka rekodi zote za akaunti ile zihifadhiwe kuanzia wiki mbili kabla ya tukio: saa za kuingia, vifaa vilivyotumika na mahali vilipokuwa. Aulize kwa maandishi watu wangapi walikuwa na neno lile la siri na lini lilibadilishwa mara ya mwisho. Nakala moja aipeleke kwenye kitengo cha migogoro pamoja na malalamiko yake. Mwajiri akizifuta baada ya kupokea barua hiyo, ndiye atakayetakiwa kueleza.